Chupa ya Soda na Mgongo wa Mbua

Iko siku moja sijaweza kuisahau, mwanangu, na nywele zangu sasa zinaanza kuwa nyeupe. Nakumbuka Mbua akipiga magoti kwenye mchanga wa mto, mitungi minne mgongoni, halafu akalala chini na mzigo wake wote. Nilipofungua tandiko, ngozi ya mgongo ilikuja nalo. Alinitazama tu. Punda hajui kulaumu. Mimi najua.

Acha nirudi nyuma kidogo.

Mbua kwa Kikamba ni mvua. Mama alimpa punda wetu jina hilo kwa sababu huku kwetu Nuu mvua ikikataa, yeye ndiye aliyetuletea maji. Nilikuwa darasa la sita. Asubuhi naenda naye mtoni, nikirudi nakimbia shule. Tandiko likamkwaruza mgongo, kidonda kidogo tu, kama kiganja cha mtoto. Mama akanituma kwa Mutinda, mwenye duka la dawa za mifugo hapo sokoni, nitafute ya kuosha kidonda.

Mutinda hakuuliza kidonda kiko wapi. Hakuuliza hata kama ni punda au ng'ombe. Aliingia nyuma akatoka na chupa ya soda, ndani kitu cha kahawia, karatasi ya maandishi hakuna.

"Hii ni kali," akasema akicheka. "Hata wewe ukiioga, kupe watahama!"

Kali. Neno hilo ndilo lililotumaliza. Sisi watu wa huku tukiambiwa dawa ni kali tunafurahi. Sindano isipouma, tunasema daktari ametudunga maji.

Nyumbani nilitaka kuichanganya na maji. Mjomba Kilonzo, ndugu ya mama, akaninyang'anya. "Msichana, unaogopa nini? Dawa ya moto ni moto." Akaimwaga vile ilivyo. Mbua akaruka, akapiga ndoo teke. Mjomba akacheka: "Mnaona? Imeshika!" Siku ya tatu akamfunga mitungi, akasema punda afe, mzigo ufike.

Baada ya yale ya mtoni, jirani yetu nyanya Kalekye aliinusa ile chupa. Akaniuliza polepole, "Mjukuu wangu, wewe ungejiosha jicho na hii?"

Nikasema hapana.

"Basi mbona mkampa asiye na mdomo wa kukataa?"

Mbua alikufa wiki hiyo. Punda alikufa, mwanangu, na mzigo ukanifikia mimi. Hii alama kwenye paji la uso wangu ni ya ukanda wa mtungi. Mama na mimi tulibeba maji kwa mgongo, ukanda kichwani, kutwa mara mbili. Darasa la saba sikuliona.

Kwa hivyo sikia. Kidonda cha punda, au cha farasi ukijaliwa kuwa naye, kwanza ni maji: chemsha, tia chumvi kidogo, yapoe, mwagilia mpaka uchafu utoke. Dawa iwe ya vidonda, iwe kwenye chupa yake na maandishi yake. Huwezi kusoma, tafuta wa kukusomea. Si aibu, Kiingereza cha chupa za dawa mimi mpaka leo natafuta wa kunisomea. Ile ya aidini, ile inayoacha doa la kahawia kwenye ngozi, ichanganye na maji mpaka ifanane na chai nyepesi isiyo na maziwa. Ya kuogeshea ng'ombe na ya kuosha choo, ziache na kazi zao. Tandiko lisimguse mpaka apone. Na kidonda kikubwa au chenye usaha ni cha daktari wa mifugo, si cha mjomba.

Mungu akupe mifugo yenye migongo mizima, na mkono usio na haraka.

Mjomba Kilonzo aliniomba msamaha kabla hajafa. Nilimpa, nusu. Lakini Mutinda yuko hai, ana duka kubwa Kibwezi, na Jumapili anakaa kiti cha mbele kanisani. Nimemwendea mara mbili. Anacheka, anasema hayo ni mambo ya zamani, mama, tusahau.

Mutinda, sitaki punda mwingine. Simama mbele ya watu unijibu: ndani ya ile chupa uliweka nini?