Nyumba Niliyoapa Haishiki Moto

Mimi ni fundi wa Laini Saba, Kibera, na kujisifu ndio ugonjwa wangu. Mzee Njoroge, landlord wa Kawangware, alinipa kazi baada ya nyumba ya nyasi ya familia yake, kijijini kwao mlimani, kuungua. Nikamjengea nyingine ya kuta nene za udongo, jiko moja linapasha vyumba vyote joto.

Siku padri alipokuja kuibariki, nikawasha mabua kando ya ukuta, nikaupa moto mgongo niwahutubie wageni.

"Hii haishiki moto hata kidogo."

Wakanikodolea macho. Nikadhani wamevutiwa.

"Fundi," Mzee akasema polepole, "ukuta uko sawa. Ni suruali."

Padri akanimwagia maji yote ya baraka. Nyumba haikubakiziwa hata tone.