Fanny wa Benchi ya Nyuma

Watu wa Baraka, mji wa Fizi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, wanaomjua Fanny wanamjua kwa mambo mawili: ndakala na besi. Ndakala, yaani dagaa, anazinunua kwenye boti zinazotoka Kazimia, anazianika upya zikiwa zimeshika unyevu, anazipanga mafungu sokoni, na ole wake mteja atakayezibonyezabonyeza kisha aondoke bila kununua. Besi aliishika akiwa bado msichana wa shule, pale kwaya ya kanisa lao ilipopata gitaa la nyuzi nne na kukosa mtu wa kulipiga. Wavulana wote walitaka solo, lile gitaa linalolia mbele na kuwafanya wasichana wageuke. Besi ilibaki imetundikwa ukutani kama jembe la mtu aliyehama. Fanny akaitwaa, na tangu siku ile kwaya haikuwahi kutafuta mpiga besi mwingine.

Anayedhani muziki husomewa shuleni hajafika Fizi. Huku kila anayejua kupiga chochote alijifunzia kwaya, awe mlokole, awe mlevi. Wengine wanabaki kanisani, wengine wanatoka na kuanzisha orkesta, na miaka hii orkesta zimechipuka Baraka karibu kila avenyu. Hazina tajiri wa kuzilea. Wanarekodi katika chumba kilichofunikwa magodoro ukutani, wimbo unapita simu hata simu, na kabla hujauzoea wewe, umeshapanda pikipiki kwenda Misisi kuimbwa na wachimba dhahabu.

Mojawapo ilianzishwa na Dany, dereva wa pikipiki wa njia hiyo hiyo ya Misisi, pamoja na Wilfried, mwenye kibanda cha kuchajisha simu kwa umeme wa jua. Dany alipiga solo, Wilfried ngoma. Mazoezi yalitegemea nguvu iliyobaki kwenye betri baada ya simu za wateja kushiba. Mbingu ikifunga mawingu, hakuna mazoezi. Walikuwa na sheria moja tu: hawatupi libanga, yaani hawataji jina la tajiri ndani ya wimbo ili awafungulie mfuko. Kwa watu wasio na hata amplifaya nzima, huo ni ukaidi wa kupindukia. Fanny aliposikia akawapenda papo hapo.

Siku moja Dany alimfuata sokoni, akachuchumaa mbele ya mafungu ya ndakala.

"Dada Fanny, tuko na guitare, tuko na ngoma. Lakini wimbo yetu iko nasimama tu, haina pa kukaa. Tuko nakosa besi."

"Na besi mutapata wapi?"

"We iko nayo."

"Ile ni ya kanisa, Dany."

"Tutairudisha mbele ya dimanche, mbele ya ibada. Nani atajua?"

Nani atajua! Katika mji ambapo ukipiga chafya sokoni, kule ziwani wanakuombea afya. Lakini Fanny alikuwa na hamu, na hamu haisikii. Jumamosi alasiri alilibeba gitaa la kanisa ndani ya kitenge mgongoni, namna mtoto anavyobebwa, akaingia nalo kwenye uwanja wa baa moja karibu na soko.

Wimbo ulihusu barabara ya Misisi, mashimo yake na matope yake, na watu waliupenda tangu ubeti wa kwanza. Ndipo vidole vya Fanny vikamsaliti. Walipokaribia kiitikio, vidole, kwa mazoea ya miaka, viliteremka ngazi ile ile ya noti vinayoteremka kila Jumapili kwaya inapoingia kwenye wimbo wa shukrani. Nusu ya walevi wa baa ile walilelewa kwaya. Waliposikia besi imeteremka vile, hawakungoja Dany aimbe. Waliitikia wimbo wa shukrani, kwa sauti nne, wakiwa wamesimama. Mzee mmoja alifumba macho na kuinua mkono juu, chupa ikiwa bado mkononi.

Mtu akachukua video. Jioni ile ile ilikuwa kwenye simu ya Pasta Albert.

Pasta Albert hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na mtu wa kanuni akikupenda hukuumiza polepole. Jumapili alitangaza kwamba Fanny yuko chini ya nidhamu: hataimba kwaya, hatashiriki meza ya Bwana, gitaa arudishe, na mahali pake ni benchi ya nyuma. Benchi hiyo haina pa kuegemea, imewekwa karibu na mlango ambapo mbuzi huchungulia, na kila anayeingia huiona kwanza. Fanny alitembea mpaka kule akiwa ameinua shingo. Mama yake, Marie, aliyekuwa amekaa mbele kwenye kwaya ya akina mama, hakugeuka kumtazama.

Wengine wangehama kanisa. Baraka ina makanisa mengi, na yote yanatafuta wapiga besi. Fanny akakataa. "Hapa njo nilibatizwa," alimwambia Dany, "na hapa njo bataniona kila dimanche mpaka bachoke." Alikuja Jumapili ya kwanza, ya pili na zote zilizofuata, akawa anafika mapema kuliko wazee wa kanisa.

Kwenye benchi ile alikuta wenyeji wake. Kulikuwa na Tania, aliyezaa bila ndoa. Kulikuwa na Baba Nicolas, mvuvi aliyeongeza mke wa pili na kukataa kumfukuza, kwa sababu, alisema, "nitamufukuzia wapi, na batoto bake?" Kwaya ilipoanza kuimba bila besi, wote watatu walitazamana. Wimbo ulikuwa unapwaya kama suruali isiyo na mkanda. Fanny alivumilia ubeti mmoja. Wa pili ulipofika, akaimba besi yake kwa mdomo, chini chini. Baba Nicolas akamfuata kwa sauti yake nzito, na Tania akapanda juu yao kwa sauti nyembamba ambayo hakuna aliyejua alikuwa ameificha wapi.

Kanisa zima liligeuka. Pasta Albert naye aliinua macho. Lakini nidhamu inamkataza mtu kuimba kwaya; haimkatazi mwumini kuimba kanisani. Pasta aliinamisha macho tena kwenye Biblia yake, na kwaya, itake isitake, ikamalizia wimbo ikiwa imeegemea benchi ya nyuma.

Wiki iliyofuata Fanny aliwapeleka Tania na Baba Nicolas kwenye kibanda cha Wilfried. Jina la orkesta halikutafutwa; lilikuwa limeshakaa. Ikaitwa Benchi ya Nyuma. Besi nayo walijitengenezea: fundi wa mbao alichonga ubao mgumu, Dany akaleta kebo za breki za pikipiki ziwe nyuzi, Wilfried akazungusha waya mwembamba wa shaba kwenye sumaku ya spika iliyopasuka ili inase sauti. Ilikuwa nzito kama mchi na siku za mwanzo ilimchana Fanny vidole mpaka akawa anauza ndakala kwa mkono uliofungwa kitambaa. Hakupumzika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Fanny alikuwa ameshalowa.

Nyimbo zao zikaanza kutembea. Vijana walizipiga kwenye pikipiki, wanawake wa sokoni waliziimba wakipara samaki, na mwenye ukumbi mmoja mjini akawaita wafanye onyesho lao la kwanza la kweli, lenye jukwaa na watu waliokuja kwa ajili yao tu. Fanny alifurahi mpaka akawapa wateja wa siku ile nyongeza, jambo ambalo wanalisimulia hadi leo.

Siku kama kumi kabla ya onyesho, Pasta Albert alifika nyumbani kwao. Alikaa kwenye kiti, akanywa maji, akauliza habari za ndakala. Kisha akasema lililomleta.

"Mutoto wangu, jubile ya kwaya iko karibu. Bageni banakuja toka Nundu. Kwaya yetu bila besi ni nyumba bila nguzo, mi mwenyewe nasikia. Kuja dimanche hii, simama mbele, sema umekosa kupiga muziki ya dunia na umeiacha. Siku ile ile tunakurudishia guitare yako."

"Na kama siiache, Pasta?"

"Basi utabaki kule nyuma, na jubile itapita bila we."

Alipoondoka, Mama Marie, ambaye kwa miezi hakuwa amesema na binti yake ila ya chumvi na maji, alivuta kigoda akaketi karibu naye.

"Sema tu, mutoto wangu. Neno haivunje mufupa. Ukishatubu, nani atajua roho yako iko nasema nini? Kisha utafanya unavyotaka, pole pole, ba Pasta bakisahau."

"Mama, unataka nidanganye kanisani?"

"Nataka ukae karibu na mi. Nimechoka kupita mbele ya ile benchi nikiangalia chini."

Fanny alilia. Hakuwa amelia siku ya nidhamu wala siku vidole vilipotoka damu, lakini alilia siku ile, kwa sababu hakuna gitaa duniani alilolipenda kuliko mama yake. Na aliitamani kwaya, na ile besi ya nyuzi nne aliyoijua kama anavyojua kiganja chake. Upande wa pili walikuwepo Dany na Wilfried, na Tania aliyekuwa ameanza kuinua uso akipita njiani, wote wakihesabu kwamba Jumamosi ya onyesho atakuwa jukwaani. Neno moja lingemrudishia mama yake na kumnyang'anya wenzake. Alimwambia mama yake kwamba Jumapili atasimama mbele. Hakumwambia atasema nini, maana hata yeye hakujua.

Jumapili kanisa lilijaa, kwa sababu habari ya toba huenda mbio kuliko habari ya sadaka. Desturi yao inajulikana: mwenye kutubu husimama mbele, husema nimekosa, kiongozi wa nyimbo huanzisha wimbo wa kumpokea, na watu hujipanga kumpa mkono mmoja mmoja. Fanny alisimama. Sauti ilitoka nzima.

"Nilibeba guitare ya kanisa bila kuomba ruhusa, nikaipeleka kwa baa. Ile ilikuwa wizi. Nimekosa, na ninaomba musamaha kwa Mungu na kwenu."

Kiongozi wa nyimbo alikuwa ameshafungua mdomo. Pasta Albert akamzuia kwa mkono.

"Na muziki ya dunia, Fanny?"

"Pasta, ile siezi tubu. Nimetafuta zambi ndani yake, sikuione. Tunaimba juu ya barabara, juu ya samaki, juu ya batu bale munabakalisha kule nyuma. Nikisema nimeiacha, nitakuwa nimedanganya Mungu ili nipate guitare."

Pasta alimtazama, na usoni mwake ilionekana kwamba jambo lenyewe lilimuuma.

"Basi rudia nafasi yako," alisema.

Fanny akatembea kurudi nyuma, katikati ya benchi zote, bila mkono hata mmoja kunyooshwa kwake. Alikaa kati ya Tania na Baba Nicolas. Alijua mambo mawili kwa hakika: kwamba Jumamosi atapiga besi yake ya kebo, na kwamba amempoteza mama yake.

Ndipo kule mbele mtu akainuka kwenye kwaya ya akina mama. Alikuwa Mama Marie, na kitambaa cheupe cha kwaya kichwani. Alishuka kwenye njia ya katikati akiwa ameinua uso, bila haraka.

"Mama Marie," Pasta Albert alimwita, "unaenda wapi? Nafasi yako iko hapa mbele."

Mama Marie alisimama, akamgeukia.

"Pasta, mi njo nilimwambia adanganye. Ndani ya nyumba yangu nilimuomba aseme uongo mbele yenu ninyi bote. Ye amekatala, mi njo nilitaka. Sasa uniambie, kati yetu nani anapashwa kukaa nyuma?"

Mama Marie akamaliza mwendo wake mpaka benchi ya karibu na mlango, akakunja kitenge vizuri, akawatazama wote waliokuwa pale.

"Musogee," alisema, na Baba Nicolas akasimama ili apate pa kukaa karibu na binti yake.