Ujumbe wa Mume Wangu Niliupunguza Njiani, Sasa Baba Anataka Kumfukuza Kazi

Bwana Mhariri, ukichapa barua hii nakuomba jina langu ulifiche. Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa miaka ishirini na mmoja, nakaa upande huu wa Kilosa, nina binti mmoja wa miezi minane. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mnisamehe mwandiko.

Wakulima wa kwetu wana chama cha mkonge. Baba yangu mzazi ndiye mwenyekiti na mume wangu ndiye meneja. Walipochaguliwa nilifurahi sana, nikasema sasa nyumba zote mbili zitakuwa kitu kimoja. Kumbe nimejitia katikati ya mawe ya kusagia.

Kwetu mkwe hambishii baba wa mkewe. Akimkuta njiani anavua kofia, anasema shikamoo, anapita. Kwa hiyo mambo yao magumu yote hupitia kwangu. "Mwambie mumeo." "Mwambie baba yako." Nabeba mtoto mgongoni na maneno mdomoni.

Siku moja ya Ijumaa baba alitangaza msikitini kwamba Jumatatu watu wote wakate mkonge, lori la kiwanda litakuja. Mume wangu hakuulizwa. Jioni alirudi kutoka kiwandani kwa Mzungu anayenunua mkonge wetu, amekasirika. "Mwambie mzee korona, ile mashine ya kusaga mkonge, imeharibika, haisagi hata jani moja. Watu wasikate mpaka niseme mimi. Na umuulize, meneja ni nani, mimi au yeye?"

Asubuhi nikaenda. Nikamkuta baba amevaa kanzu safi, anacheka na mjukuu wake, anamwita mchumba. Moyo ukanishinda. Nitamwambiaje mtu aliyekwisha tangaza mbele ya watu kwamba hakujua alisemalo? Tena nilikuwa nimesikia fundi ameshafika kutoka Morogoro. Nikadhani mpaka Jumatatu mashine itakuwa imepona. Nikasema, "Baba, mkweo anakusalimu. Anasema watu wasikate kwa pupa."

Baba akajibu, "Mwambie asiwe na wasiwasi, wakulima wangu wanajua kukata."

Nilipofika nyumbani mume wangu akauliza, "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia.

Jumatatu wakakata, hata wakulima wa mbali kule Msowero. Lori halikuja. Majani yakalala barabarani juani siku nne, yakanyauka, yakaanza kunuka. Watu wakamfuata baba mpaka barazani. Mmoja akamwambia, "Mwenyekiti, basi tugawie tukafungie mbuzi!" Wakacheka. Baba hajawahi kuchekwa.

Sasa baba anasema meneja alijua akanyamaza makusudi ili amwaibishe. Mume wangu anasema mwenyekiti aliambiwa akapuuza, kwa kuwa kwake meneja ni tarishi tu. Mimi ninayejua ukweli nakoroga uji. Mkutano mkuu ni mwisho wa mwezi ujao na baba amekwisha waambia wajumbe kwamba huyu meneja ataondolewa. Mume wangu naye ameanza kuulizia kazi ya barabara Mikumi, na usiku hataki hata kumpakata mtoto.

Kinachoniuma ni kwamba wote wawili ni watu wema. Hakuna mwongo kati yao. Mwongo ni mimi, na nilifanya kwa kuwapenda.

Jana baba kaniambia, "Mwambie mumeo alete funguo za ofisi." Mume wangu bila kujua hilo akasema, "Mwambie baba yako, funguo nitampa mbele ya watu wote." Maneno hayo yote mawili ninayo, sijayafikisha. Safari hii sitaki kuyapunguza wala kuyafikisha. Nataka niwaite wote wawili wakae mkeka mmoja, waambiane wenyewe, na mimi niseme langu. Naamini wakisikia wataelewana. Lakini nani amewahi kuona mkwe na baba mkwe wanakalishwa na mwanamke? Na mume wangu akiniacha je?

Nishaurini, ndugu zangu, nianzie kwa nani?