Kufuli Kwenye Swichi Kuu

Mwenzangu hakugusa chochote. Nasema hivi kwa sababu siku ile ile msimamizi wetu aliandika kwenye daftari la kazi kwamba fundi alishika waya kwa uzembe, na mimi nilikuwa nimesimama hatua nne nyuma ya fundi huyo.

Tulikuwa mafundi umeme katika kinu cha unga, mtaa wa Gikondo, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siku ile mwenzangu alifungua kabati la umeme, akainua bisibisi akaze skrubu moja. Kabla haijafika, umeme uliruka wenyewe hewani, kutoka chuma kimoja hadi kingine. Niliona weupe tu, kisha mshindo. Macho yaliporudi, nilimkuta amekaa sakafuni, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayesubiri kumwagiwa maji. Shati la kazi, lile la nailoni tulilogawiwa wote, lilikuwa limeyeyuka na kushikana na ngozi. Hospitalini walilitoa vipande vipande.

Dada yangu alikuwa fundi cherehani mtaa wa Nyamirambo. Nilimpelekea shati langu. Alichomoa uzi mmoja, akauwashia kiberiti. Ukajikunja, ukawa tone jeusi.

"Mnavaa plastiki, mdogo wangu," alisema. "Hii siyo nguo."

Akanishonea koti la turubai la pamba, zito, kola yake inafika kidevuni. Aliponivalisha akanishika mabega. "Lakini koti halizimi umeme. Umeme utauzima wewe."

Wiki chache baadaye kabati lile lile lilianza kunguruma. Kwa sababu ya vita tulikuwa tumekaa siku nyingi bila umeme, na sasa ulikuwa umerudi, mashine zote zinasaga. Msimamizi akaniita.

"Fungua, kaza, funga. Dakika mbili."

"Nizime kwanza, shefu."

"Hakuna kuzima! Watu wanangoja unga. Wewe iko fundi ama iko mwoga?"

Aliyasema mbele ya wanawake waliokuwa wakishona magunia. Uso ulinichoma.

"Mimi ni fundi. Ndiyo maana nazima."

Nilikwenda kwenye swichi kuu, nikaishusha, nikapitisha kufuli la baiskeli yangu kwenye mpini wake. Ufunguo nikautia mfukoni. Mashine zikapunguza mwendo, zikanyamaza, na kwa mara ya kwanza nikasikia kunguru juu ya bati la kinu.

"Lete ufunguo!"

"Ninao mimi. Nikimaliza nitafungua."

Akawageukia mafundi wawili waliobaki, akawaamuru wakate kufuli. Mmoja aliweka koleo lake chini taratibu. Wa pili akakaa juu ya gunia, akakunja mikono.

Nilipima kwa taa ya majaribio, nikahakikisha hakuna umeme, ndipo nikafungua kabati. Vumbi la unga lilikuwa limelowa kwa unyevu na kugandamana katikati ya vyuma, likiupa umeme njia ya kuruka, na boliti moja ilizunguka kwa vidole vyangu vitupu. Nilimwita msimamizi aje aone. Alitazama, kisha akaondoka. Nikafuta, nikakaza, nikafunga mlango, nikatoa kufuli, nikawasha.

Asubuhi iliyofuata msimamizi alinikabidhi barua ya onyo: nimesimamisha kazi bila ruhusa. Nilisoma mpaka mwisho, nikairudisha mezani.

"Tia sahihi," alisema.

"Sitii."

"Nitakufukuza."

"Nifukuze. Uwaulize na hao wawili kama watabaki."

Hakunifukuza. Mwezi ule ule wale wawili walipanda Nyamirambo kwa dada yangu kupimwa makoti, na tangu hapo, mpaka kinu kilipofungwa mwaka wa tisini na nne, hakuna fundi aliyefungua kabati lenye umeme. Msimamizi hakuwahi kukiri kwamba alikosea. Barua yake ilibaki mezani siku nyingi, mahali pa sahihi peupe. Hata leo akiniletea, nitairudisha hivyo hivyo.