Konsati Iliyopigwa Mara ya Pili

Rogath hakuzaliwa Babati, lakini ukimkumbusha hilo atakununia mpaka mavuno. Alifika kutoka Rombo mwaka ule Manyara ilipotangazwa kuwa mkoa, wakati kila mwenye kibanda alikuwa akipaka neno "Mkoa" ukutani, kuanzia kinyozi hadi muuza chapati. Naye akafungua chumba cha kurekodia nyuma ya duka la mbegu, akakiita Studio Kuu ya Mkoa. Ukuu wenyewe ulikuwa kompyuta moja, maikrofoni mbili, na magodoro yaliyopigiliwa ukutani ili kelele za mashine ya kusaga zisiingie. Ziliingia.

Nikuambie ugonjwa wake mapema: Rogath hawezi kuona kosa akaliacha. Siku ya harusi yake mwenyewe mkewe Kindness alikuwa na mafua, akaitikia "ndiyo" kwa sauti ya bata. Rogath akaifuta kwenye mkanda, akamwita binamu yake mwenye sauti nzuri aitikie upya, akaibandika hapo. Ukiutazama mkanda ule leo, aliyekubali kuolewa ni binamu. Kindness hajasamehe, na mimi simlaumu hata kidogo.

Sasa, kulikuwa na kijana wa kijiji cha Singe aitwaye Octavian. Huyu alishindwa mtihani wa kidato cha pili, akashindwa udereva, akafuga nyuki wakamhama. Mwishowe akaangukia muziki wa metali, ule wa magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayekoroma kama trekta linalokataa kuwaka. Kanda yake ya kwanza alipewa na mchimbaji mmoja aliyetoka Mererani, akaisikiliza hadi utepe ukakatika. Akapata wenzake wawili, wakajiita Radi ya Kwaraa, kwa jina la mlima ulio juu ya mji, wakakodi ukumbi na kumwomba Rogath awarekodi laivu, yaani moja kwa moja mbele ya watu.

Watu wenyewe walikuwa arobaini, na wote walikaa. Kumi na moja kati yao walisoma jina la bendi kwenye tangazo wakadhani ni mkutano wa injili. Octavian alipokoroma mara ya kwanza, baba mmoja kutoka kijiji cha Mutuka aliinuka akaanza kumwombea atokwe na pepo, na aliomba kwa bidii mpaka wimbo wa tatu. Katikati ya wimbo wa nne umeme ukakatika. Magitaa yakafa, spika zikanyamaza. Octavian hakunyamaza. Aliendelea peke yake gizani kwa sauti yake tupu, nyembamba, ya mtoto wa mkulima wa maharage, hadi wimbo ukaisha. Hapo ndipo mama yake, Evangelina, aliposimama akapiga vigelegele vitatu virefu, wale arobaini wakageuka wote.

Rogath alikuwa anatumia betri ya gari, hivyo mashine yake ilinasa kila kitu, maombi na vigelegele pamoja. Akarudi studio, akasikiliza, akashika kichwa. Jamani, mambo ya kurekebisha yalikuwa mengi! Akafuta dramu, zikapigwa upya. Akafuta sauti, Octavian akaimba upya mstari mmoja mmoja. Gitaa lilikuwa limelegea, basi Rogath akalipiga mwenyewe, ingawa siku ya konsati alikuwa amekaa nyuma ya mashine. Baba wa Mutuka na pepo wake wakafutwa. Kile kipande cha giza nacho akakiona ni shimo, akakiziba kwa gitaa. Na kwa kuwa watu arobaini waliokaa hawatoshi konsati ya metali, akaenda uwanjani Singe walipokuwa wanacheza mpira na Nakwa, akarekodi mashabiki. Kisha, ili kompyuta ipate nafasi, akafuta rekodi yote ya mwanzo. Octavian alipoisikia kanda alifurahi, akauliza anayeimba ni nani.

Kanda zikatolewa, zimeandikwa LAIVU kwa herufi kubwa, na uzinduzi ukapangwa Jumamosi, mgeni rasmi yumo. Jumatano Evangelina akabisha hodi studio, kanda mkononi. Rogath akamwamkia, akamvutia kiti. Mama akakataa kukaa.

"Nimesikiliza mara tatu," alisema. "Kuna mtu anapiga kelele 'faulo', huyo simjui. Mimi nipo wapi?"

Rogath akaanza kueleza habari za ubora wa sauti. Mama akamsikiliza mpaka Rogath akachoka mwenyewe. Kisha akamwambia polepole kwamba ana mtoto mmoja tu, na kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kupata sababu ya kumpigia vigelegele. Alipata sababu siku moja, na Rogath ameifuta. Kwa hiyo Jumamosi atasimama mbele ya mgeni rasmi aseme kwamba yeye alikuwepo ukumbini, na hiyo kanda ni ya uongo.

Babati ni mji mdogo. Fundi akiitwa mwongo Jumamosi, Jumatatu hata kwaya ya watoto haimpi kazi. Akamsihi. Alisema vigelegele vitarudishwa leo hii, maikrofoni hii hapa, asimame tu apige.

Mama akasogelea maikrofoni. Rogath akahesabu moja, mbili, tatu, akashusha mkono. Mama akauliza apige kwa ajili ya nini, nani kaolewa? Rogath akamwambia awaze harusi. Akawaza, akatoa sauti ya mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Rogath akasema awaze ubatizo. Kuku wale wale. Mama akakasirika sasa, akamwambia vigelegele haviagizwi kama soda, vinatoka kwenye jambo, na hapa hakuna jambo, kuna magodoro tu.

Akaitwa Octavian kutoka shambani, na tope miguuni. Akawasha gitaa, akanguruma, akakoroma. Mama akapiga miayo. Kijana akamtazama mama yake, akatazama lile gitaa, akalizima. Akaimba ule wimbo wa nne kwa sauti tupu. Mashine ya kusaga ilikuwa inalia nje, naye akapotea mstari, akarudi, sauti ikamkwama juu kabisa pale pagumu, akaivuta hivyo hivyo mpaka ikafika. Evangelina akatupa mikono juu. Vigelegele vikatoka, si vitatu, vilikuwa saba au nane, na machozi juu yake, hata muuza mbegu akaja kuchungulia nani amejifungua.

Rogath alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kichwani, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Imeingia?" mama akauliza, akijifuta uso kwa kanga.

Rogath akageukia mashine. Ile taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa haijawaka. Hakuwa ameigusa.

"Haijaingia, Mama Octavian," alisema. "Nilisahau kubonyeza. Nilikuwa nasikiliza."

Octavian akakaa chini. Mama akamtazama fundi kuanzia viatu hadi kichwani.

"Kupiga tena siwezi," alisema. "Sasa Jumamosi niseme nini?"

"Usiseme wewe, Mama. Nitasema mimi."

Na alisema. Mbele ya mgeni rasmi alianza na dramu akamaliza na mashabiki wa mpira, na hakuna kosa aliloliruka.