Barua ya Kuondokea Kitanga

Nikisikia harufu ya majani mabichi ya maharage yaliyokanyagwa, narudi Kitanga, mwaka ule tuliotaka kuhamia Kibondo na baba akagoma. Mizigo imeshafungwa, mvua zimekaribia, mama roho juu kwa ajili ya kupanda, na baba amekaa kwenye kigoda anasubiri barua. Alikuwa Mkwekeri, imani ya Kikristo aliyotoka nayo Burundi. Wenyewe hujiita Marafiki. Kijiji kizima Marafiki tulikuwa sisi tu, Jumapili tukisali kwa kukaa kimya sebuleni mpaka miguu inakufa ganzi. Alikuwa akitusimulia habari za Marafiki wa kale waliofungwa Uingereza kwa imani yao, wakavuka bahari kwenda Marekani, na huko nako wakazidi kuhama wakitafuta mashamba. Aliyehama alibeba barua ya wenzake, kuthibitisha kwamba haachi ugomvi nyuma. Baba alitoka Burundi mbio, bila barua, na jambo hilo lilimkera miaka yote. Safari hii aliitaka, japo ya majirani.

Wote walitia saini, hata mwenye duka, Mwislamu, aliyecheka kwanza. Alibaki Mama Yusta, jirani yetu wa bondeni. Mbuzi wetu walikuwa wamemaliza maharage yake. Mchungaji nilikuwa mimi, nikalala, kisha nikamwambia baba kwamba mbuzi walikuwa wamefungwa. Akaniamini, akamwambia Mama Yusta anatusingizia. "Dole langu siliweki kwenye uongo," alisema yule mama. Baba akaamua tutakaa mpaka akubali. "Mana yanje, Mungu wangu, mwanamume huyu!" mama akaangua kilio. Nilikuwa na miaka tisa, nikashindwa kuvumilia. "Baba, ni mimi. Nililala." Hakunipiga, na heri angenipiga. Alinishika mkono hadi kwa Mama Yusta, akaomba radhi yeye kwanza. Tukampandia upya shamba lake siku nne, akaweka dole lake, na mvua ikatukuta njiani kwenda Kibondo.

Leo naandikisha watu pale kambi ya wakimbizi ya Nduta wanaorejea Burundi. Jina, watoto wangapi, mizigo mingapi. Nimechoka, jamani. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuuliza umemwacha nani na kinyongo. Mimi mwenyewe nimehama mara nne, na kila nilikotoka kuna mtu hatusemeshani. Baba amefariki, barua ninayo. Juu ya dole la Mama Yusta, mwenye duka alimwandikia maneno aliyoyatamka mwenyewe yule mama: "Wakishindwa huko, warudi. Nitawapisha shamba." Najiuliza nani angeniandikia mimi hivyo, na sipati hata jina moja.