Mkono wa Merle

Merle Tregenza alitunza kituo cha treni cha Wirrabilla tangu mumewe afariki, na ukiniuliza alitunza nini, hata mimi jirani yake nashindwa kujibu. Benchi, tangi la maji na vumbi. Alifagia vumbi, likarudi, akafagia tena. Mimi nilichoka kwa kumtazama tu.

Treni ya abiria ilipita kila Alhamisi, na haikusimama mpaka mtu ainue mkono. Machimbo ya jirani yalipofungwa abiria wakaisha, lakini Merle aliendelea kuinua wake kuwasalimia madereva. Mwanzoni walisimama. Akawafokea.

"Salamu tu hizo! Mkiniona mimi, pigeni honi mwende zenu!"

Wakazoea. Akipunga, honi mbili, treni hiyoo.

Mwaka ule wa mafuriko ikaja simu kutoka Adelaide: dada yake Merle, Thelma, yu mahututi na anamwulizia. Barabara ilikuwa tope tupu, gari langu lisingefika popote. Alhamisi nikambebea sanduku hadi kituoni. Alikuwa amevaa kofia ya kanisani.

"Hee, unaenda kuolewa?" nikamtania.

"Nyamaza, Clarrie. Nimechoka."

Treni ikatokea. Merle akainua mkono. Kev, dereva, akatoa wake dirishani huku akicheka, akapiga honi mbili.

"Simama, we Kev!" Merle akapiga kelele. "Leo nasafiri!"

Nikakimbia kando ya reli nikipunga kofia hadi pumzi zikanikatika. Nadhani Kev aliona tumechangamka siku hiyo. Mabehewa yakapita yote.

Niliporudi, Merle alikuwa ameketi kwenye benchi, amevua kofia.

"Nimewafundisha mwenyewe," akasema.

Thelma alifariki Jumapili. Barabara ilikuwa bado haipitiki.

Alhamisi iliyofuata nilimkuta Merle kwenye benchi lilelile, mikono mfukoni. Habari zilikuwa zimeshamfikia Kev. Treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kev akashuka na kufungua mlango wa behewa.

"Panda, Bi Merle. Nisamehe, sikujua. Nitakufikisha."

"Nikafanye nini, mwanangu? Wamemzika jana." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. "Nenda, unawachelewesha watu."

Kev akafunga mlango. Treni iliondoka bila honi.

Tangu siku hiyo ilisimama Wirrabilla kila Alhamisi, bila mkono kuinuliwa, na hakuna aliyepanda.